Kiti cha Nyuma ya Ngoma

Mtu mpole kuliko wote niliowahi kukaa nao ukuta kwa ukuta ndiye aliyenipigia kelele nyingi kuliko wote. Nilikuwa na chumba cha kushonea nguo pale Tuwan, Kitale, na chumba cha pili kilikuwa cha bendi yake. Yeye ndiye aliyepiga gitaa la solo na kuongoza wenzake, na kwa kuwa watu wote walimwita Solo, kuanzia watoto wa mtaa hadi mama mkwe wake, nami nitamwita hivyo hivyo. Kabla ya mazoezi alikuwa anakuja kubisha mlango wangu kwa ncha za vidole, anauliza kwa sauti ya mtu aliyetoka kulazwa kama nimeamka salama na kama kuna mteja mwenye mtoto mchanga ndani. Nikimwambia hakuna, anashukuru, anarudi kwake, na muda si muda pini zangu zinaanza kutembea zenyewe juu ya meza.

Walikuwa wanapiga roki. Bendi nyingine za huku zilipiga muziki wa kuchezwa kwa kiuno, na zilikuwa na watu wengi zaidi, lakini Solo na wenzake walikuwa wameupata ugonjwa wao kwenye santuri za wazungu wa mashamba, wale waliouza vyombo vyao vya nyumbani walipofunga virago. Walizisikiliza santuri zile mpaka zikabaki mikwaruzo mitupu. Kisha wakatia Kiswahili, wakaimba juu ya kutoroka nyumbani, juu ya mvua ya mawe inayoangusha mahindi, juu ya baba mkali. Miaka ya themanini ilipoanza walikuwa tayari wakongwe, na kulikuwa na watu wazima Kitale na Bungoma ambao walitongozana kwa kelele zile.

Nguo zao nilishona mimi. Suruali zilibana mapajani na kumwagika chini, na kuna mwaka walitaka vizibao vya ngozi ya mbuzi. Niliwaambia ngozi ile haijakauka sawasawa. Hawakusikia, wakavaa, na ukumbi ulipopata joto watu wa mbele walisikia harufu ya zizi hadi mwisho wa dansi. Solo alikuja kesho yake kunishukuru kwa mshono. Kuhusu harufu alisema tu kwamba mbuzi naye alikuwa na haki ya kusikika.

Ndivyo alivyokuwa. Alifanya kazi katika kumbi za pombe maisha yake yote na sikumwona akionja hata tone; alibeba chai yake kwenye chupa, akainywa nyuma ya spika akiwa amekunja miguu kama mgeni wa heshima. Alisalimia kwa mikono miwili, hata walevi. Honi ya lori ilimuumiza kichwa. Mke wake, ambaye alikuwa muuguzi, aliniambia kwamba nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kufunga mlango kwa nguvu, na sufuria ikianguka, Solo anashika kifua. Nilimuuliza siku moja anawezaje basi kusimama mbele ya mashine zile zinazonguruma. Akasema kelele mbaya ni ile usiyoijua inatoka wapi na itaisha lini.

Majirani walipolalamika alikuwa na jibu moja, na alilitoa akiwa ameinamisha kichwa. "Nisameheni. Sikio halina kope." Halafu anapunguza kidogo, na baada ya nyimbo mbili anasahau.

Sasa lazima nimtaje mpiga ngoma, kwa sababu huwezi kumchora Solo bila yeye. Alikuwa mtu wa Matulo, kule karibu na Webuye, mrefu, mzito wa maneno, kila l akiitamka r, mikono yake mikubwa kuliko kazi yoyote niliyomwona akiifanya. Walianza bendi pamoja wakiwa hawana hata blanketi mbili. Bendi nyingine kabla ya kuanza wimbo huhesabu, moja, mbili, tatu, nne, ndipo waingie. Hawa wawili hawakuhesabu. Solo alikuwa anainua kisigino cha mguu wa kulia, bila kugeuka, na kisigino kikigusa sakafu mpiga ngoma yuko pale pale naye. Nimekaa nikiwatazama kwenye mazoezi nikitafuta ishara nyingine ya siri, jicho au bega. Haikuwepo. Mwenzake alikuwa anamjua tu.

Wakigombana, walinuniana siku kadhaa, lakini hata hapo walikula sahani moja. Nilipenda kuwaona. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na rafiki wa namna ile, na sioni haya kusema niliwaonea wivu.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Malakisi. Huko watu hulima tumbaku, na wakishalipwa mazao yao mji hukumbuka kwamba una miguu. Bendi ilikwenda kila msimu, na kila msimu kulikuwa na mkulima mmoja aliyechana shati lake mwenyewe katikati ya ukumbi kwa raha. Msimu ule mkulima huyo alikuja hadi jukwaani katikati ya wimbo. Solo akainama, akidhani anataka wimbo fulani. Yule bwana alimwambia kwa adabu kabisa, "Solo, punguza kidogo. Tunataka kuongea."

Solo alinisimulia jambo hili akiwa amesimama mlangoni kwangu na vumbi la safari bado limo kwenye nyusi. Alisema baada ya maneno yale aliinua macho akatazama ukumbi, na ni kama alikuwa hajautazama kwa miaka. Wale waliokuwa wakiruka walikuwa wamekaa. Wanawake walikuwa wamepakata mikoba, wanaangalia mlango kwa sababu ya watoto walioachwa nyumbani. Vijana hawakuwepo, walikuwa wameingia disko upande wa chini wa barabara. "Fundi," aliniambia, "nimepigia viti."

Alikaa na jambo hilo wiki nyingi. Kelele za ukuta wangu zikapungua mpaka nikawa nasikia saa yangu ya mezani. Aliporudi mlangoni kwangu alikuwa na fikra kamili, na kwa kuwa hakuwa msemaji, nadhani alikuwa ameifanyia mazoezi. Alisema watu wao hawajawaacha, wamekua tu. Mtu mwenye nyumba, mke, na mtoto anayeumwa surua hawezi kuendelea kuimbiwa habari za kutoroka kwao. "Kila wiki tunaimba ati tunatoroka nyumbani," alisema. "Na nyumbani sasa ni kwetu. Si tunajitoroka wenyewe?" Alitaka nyimbo za taratibu, za kusikilizwa na mtu anayepika, na mtu aliyekosana na mkewe na hajui aanzie wapi kuomba msamaha. Alitaka zipite redioni. Alitaka harusi na chakula cha mchana cha Jumapili mahotelini, mahali ambapo watu wazima huenda na viatu vilivyopigwa rangi.

Zaidi ya hayo alitaka kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichomkosesha usingizi: kwamba wao wanne, waliouanza muziki pamoja, wazeeke pamoja ndani ya bendi ile ile. Aliona bendi nyingine zikivunjika, huyu anarudi kulima, yule anakwenda Nairobi na hasikiki tena. Aliamini njia ya pekee ya kubaki wanne ni kubadilika. Akaagiza makoti manne ya rangi ya maziwa.

Nilimtania sana. Nilimwambia atafanana na mgonjwa aliyetoroka wodini, na mke wake atakuja kumrudisha. Alicheka, akavua shati la mauamaua, akapimwa. Mpiga besi akapimwa, na mpiga gitaa la pili. Mpiga ngoma alikuja siku ya mwisho. Alisimama katikati ya chumba, Solo nyuma yake kwenye benchi, na nilipomzungushia futi kifuani aliishika na kuishusha polepole, bila hasira.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo koti si yangu."

Solo akamwambia ni nguo tu bana, nguo haimbadilishi mtu. Mpiga ngoma akamwuliza kwenye nyimbo mpya yeye atafanya nini. Solo akamweleza: brashi badala ya vijiti, taratibu, kama mtu anayefagia. Aliyasema kwa upendo kabisa, akapiga mfano kwa viganja juu ya meza yangu, na ulikuwa mzuri. Mpiga ngoma alisikiliza hadi mwisho.

"Unataka niwe hapo, rakini nisisikike," alisema.

"Nataka uwe hapo," Solo akasema.

Hakuna aliyeinua sauti. Mpiga ngoma aliniaga, akachukua baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, na baada ya siku chache nikasikia amerudi Matulo, ana ng'ombe na shamba la miwa. Koti lake sikulimaliza. Solo alibaki kwenye benchi lile muda mrefu, akiwa bado ameweka viganja mezani, na mimi nikashona suruali ya mtu mwingine.

Sasa, watu wakizungumza juu ya miaka iliyofuata, wanazungumza juu ya mafanikio, na ni kweli. Waliingia redioni. Kulikuwa na wimbo mmoja wa mume anayechemsha maji ya kuoga ili mke wake akirudi kutoka zamu ayakute tayari, na wimbo huo ulipigwa mpaka wanaume wa Tuwan wakalalamika kwamba wanaharibiwa nyumba zao. Mimi niliupenda. Wapenzi wa zamani waliwatukana, wakasema bendi imekuwa uji wa mgonjwa, imejiuza, imeokoka. Mmoja aliniambia mimi ndiye niliyewaharibu kwa makoti yale. Nilimjibu kwamba na yeye siku hizi ananiletea suruali nizipanue kiuno, mbona simtukani. Watu hutaka wasanii wabaki vijana kwa niaba yao.

Cha kuchekesha ni kwamba Solo hakuwahi kuchemsha maji yale. Mke wake aliniapia. Aliniambia, "Fundi, ningejua huyo mume wa kwenye wimbo ni nani ningeenda kuishi na yeye." Mtu aliyewafundisha watu maneno ya mapenzi hakuwa na hata moja la kumpa mkewe, akimfurahia alimsafishia viatu, basi. Kwa miaka yote ya roki mke wake hakukanyaga ukumbi. Nyimbo zilipotulia alikubali kuja kwenye hoteli moja, akavaa gauni nililomshonea, akakaa mbele, na kabla ya wimbo wa pili kuisha alikuwa amelala fofofo. Alikuwa ametoka zamu. Wenzake Solo waliona aibu, lakini yeye alipunguza sauti zaidi na kuurudia wimbo ule ule ili asimwamshe. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kusifiwa namna ile.

Lakini kuna kitu watu hawakukijua. Waandishi na watangazaji walisifu muziki wao kuwa hauna papara, una nafasi ndani yake, mtu anaweza kupumua. Walidhani ni ufundi mpya. Nafasi ile ilikuwa ya mpiga ngoma. Solo hakuweka mtu mwingine. Alimleta kijana mmoja wa kinanda, mcha Mungu, na kinanda chenyewe kilikuwa cha umeme, kina kitufe ukikibonyeza kinapiga ngoma peke yake. Kijana akakibonyeza siku ya kwanza. Solo alikwenda nyumbani, akaja na plasta ya mkewe ya kufungia vidonda, akakifunika kitufe kile na kumwomba kijana asiitoe. Nyimbo zote zile za redioni zilitungwa hivyo, zikiwa na mahali ambapo mtu angeingia na hakuna aliyeingia.

Na ngoma zenyewe walizibeba. Popote walipokwenda, Eldoret, Bungoma, harusini, hotelini, Solo alizishusha kutoka kwenye pikapu yeye mwenyewe, akazipanga, akaweka matoazi, akaweka kiti, akavifuta vumbi. Kisha bendi inapiga na kiti kiko kitupu. Wageni walidhani ni pambo. Mpiga besi alimwambia zinachukua nafasi ya mizigo, na mimi nilimwambia wazi kwamba anafanana na mtu anayehama na kitanda cha mke aliyerudi kwao. Akasema, "Polepole, Fundi. Wimbo haukimbizwi na polisi." Hilo lilikuwa neno lake akiwa hataki kujibu.

Mkosi mkubwa wa bendi ulitokea kwenye harusi, nje kidogo ya Bungoma, na mimi nilikuwepo kwa sababu gauni la bibi harusi lilikuwa langu. Mpiga ngoma alikuwepo pia. Bibi harusi alikuwa mtoto wa dada yake. Alikaa mbali, chini ya upenu wa nyumba, na wazee wenzake, ana kofia mpya na fimbo, na hakuja kusalimia bendi. Solo alimwona tangu wanashusha vyombo. Nilijua kwa sababu alipanga zile ngoma mara mbili.

Walipiga vizuri, watu wakala, vigelegele vikapigwa. Ndipo Solo akasema ana wimbo mpya ambao haujasikika popote, na anautoa kama zawadi kwa maharusi. Alikuwa ameuokota Malakisi. Alipita mahali akakuta wanawake wamekaa mbele ya banda la kukaushia, wanatunga majani ya tumbaku kwenye fito huku wakiimba kwa sauti ya chini, na sauti ile ikamshika. Yeye ni mtu wa mlimani, lugha yao anaisikia nusunusu. Alishika kwamba mtu anaitwa, anaulizwa amechelewa wapi, anaambiwa njia imesafishwa. Akaona ni mapenzi. Akatia maneno yake ya Kiswahili juu ya bibi harusi anayengojwa, na kwa kweli ulikuwa wimbo mtamu kuliko zote alizowahi kutunga. Mimi nimekulia Kitale. Niliusikiliza na sikuona kasoro.

Kwanza mzee mmoja alivua kofia. Halafu wazee wote wakasimama. Nikadhani ni heshima, na Solo, kama angefungua macho, angedhani hivyo pia, lakini kwenye nyimbo za taratibu alikuwa na tabia ya kufumba macho tangu mwanzo hadi mwisho. Mabibi wakaweka sahani chini. Shangazi wa bibi harusi akaweka mikono kichwani, akatoa ukemi wa msiba ambao kila mtu huku anaujua, na wanawake wengine wakamwitikia. Bibi harusi alisimama katikati na shada lake, uso umempauka. Mshereheshaji alikuwa mtu wa kutoka mbali. Alishika kipaza sauti akageuka huku na huku. Solo akaendelea kupiga, amefumba macho, anatabasamu.

Mpiga ngoma aliacha fimbo yake kwenye kiti. Alivuka uwanja bila kukimbia, akapita kati ya meza, akakaa kwenye kile kiti cha nyuma ya ngoma. Hakukuwa na brashi wala vijiti, kwa maana Solo alibeba kila kitu isipokuwa hivyo. Alikuwa amechukua miiko miwili ya mbao kwenye meza ya wapishi aliyoipita, na akapiga kwa hiyo. Alipiga ule mdundo wa huko kwao, wa kuchezwa kwa mabega, kwa nguvu zake zote, juu ya wimbo wa taratibu.

Solo alifumbua macho, lakini hakugeuka. Niliona kisigino chake cha kulia kikiinuka, na kiliposhuka walikuwa pamoja. Wimbo ule ule ukageuka ukawa kitu kingine kabisa. Mabega ya vijana yakaanza, kisha ya kina mama, na mwisho hata yule shangazi, machozi bado yako mashavuni, akavutwa na mabinti zake akacheza. Walipiga mpaka jua likaelekea kuzama, nyimbo za zamani zote, zile za kutoroka nyumbani. Nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Sijui siku nyingine niliyofurahi vile.

Baadaye nilikuwa nakunja vitu vyangu upande wa pili wa pikapu na niliwasikia. Mpiga ngoma alimuuliza wimbo ule aliutoa wapi. Solo akamwambia, wanawake wa Malakisi.

"Hiyo tunaimba tukingojea maiti itoke hosipitari," mpiga ngoma akasema. "Hakuna mtu huku anaimba hiyo mahari penye mtu hai."

"Sikujua."

"Ungeuriza."

"Ningemuuliza nani?" Solo akasema. "Mtu wa kuuliza alienda Matulo." Kisha akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelibeba pamoja na zile ngoma kwa miaka yote. "Rudi."

Mpiga ngoma alisema ng'ombe hawajakamuliwa. Akarudisha miiko kwa wapishi, akachukua fimbo yake, akaondoka na wazee wenzake, na Solo akaanza kufungua matoazi moja moja na kuyafunga kwenye gunia. Wimbo ule hakuupiga tena mahali popote, wala hakuurekodi. Lakini ngoma aliendelea kuzibeba, na kuanzia siku ile aliweka na vijiti viwili juu ya kiti.

Miaka ikapita. Mimi nikahamia upande mwingine wa mji, chumba cha bendi kikawa kanisa, na kelele zikawa za maombi, na kwa hizo pia sikio halina kope. Solo nilimsikia redioni zaidi kuliko nilivyomwona. Watangazaji walianza kuwaita wazee wa muziki mtulivu, kana kwamba walizaliwa na makoti yale.

Halafu Jumapili moja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa natoka kanisani nikapita karibu na hoteli moja ya pale Kitale ambako familia huenda kula kuku. Nikasikia bendi yake inapiga ule wimbo wa maji ya kuoga. Na ndani ya wimbo kulikuwa na ngoma. Ilipigwa taratibu, kwa brashi, kama mtu anayefagia uwanja asubuhi. Nilisimama barabarani na Biblia yangu. Nikasema mwenyewe kwa sauti, karudi, na nikaingia ndani bila hata kumsalimia askari wa mlangoni.

Nyuma ya ngoma alikaa kijana nisiyemjua, amevaa koti la rangi ya maziwa.

Solo aliniona. Walipopumzika alikuja mezani kwangu na chupa yake ya chai, amezeeka, nywele zimebaki pembeni, bado anasalimia kwa mikono miwili. Hakunizungusha. Alisema mpiga ngoma alikuja, mwenyewe, bila kuitwa. Walikuwa wanapiga hotelini Bungoma, na alipoinua macho akamwona amekaa karibu na dirisha na soda. Alikaa muziki wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Solo alisema hajawahi kuogopa ukumbi kama alivyomwogopa mtu yule mmoja. Walipomaliza, mpiga ngoma akaja, akaketi kwenye kile kiti, akaviangalia vijiti, akaviweka kando.

"Ukafikiri amerudi," nikasema.

"Nilifikiri amerudi."

Mpiga ngoma alimwambia nyimbo zake ni nzuri. Alisema anazo nyumbani kwenye kanda, na mkewe anazijua zote. Alisema tangu mwanzo zilikuwa nzuri, na alijua hivyo hata siku ile alipokataa kupimwa koti. Kosa halikuwa la nyimbo, ni kwamba yeye hakuwa na mahali ndani ya nyimbo zile, na mtu hawezi kulazimishwa mahali. Kisha akamwambia jambo moja zaidi. Solo aliweka kikombe chini kabla ya kunitajia.

"Alisema, 'Kira siku ukipigwa redioni, nakusikia unaniita. Niko shambani, unaniita. Nakamua, unaniita. Nimechoka kuitwa, ndugu yangu. Weka mtu hapo.'"

Kwa miaka yote ile nilidhani ni mimi na Solo tu tunaojua nafasi ile ilikuwa ya nani. Nilimwonea huruma, na nilimwonea huruma mwenzake zaidi, mtu mzima ameinama chini ya ng'ombe wake na redio inamdai. Solo alisema walishikana mikono, wakala samaki sahani moja, na mpiga ngoma akapanda baiskeli. Sasa wanatembeleana. Wanazungumza habari za miwa.

Ili nimpe nafasi ya kufuta macho nilimuuliza habari za huyu kijana, kama anafaa. Alisema anafaa sana, ana adabu, anafika mapema, hakosei. Ila lazima umhesabie kabla ya kuanza. Na siku moja katika mazoezi alikuwa anapiga kwa nguvu, Solo akamwomba apunguze, na kijana, kwa heshima zote, akamuuliza kama yeye mzee amewahi kupiga ngoma.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sijawahi," Solo akasema. "Mimi nilikuwa na mtu."